Gari Lisilokunywa Mafuta

Juzi mkwe wangu alikuja nyumbani na simu mkononi, akanionyesha picha ya gari la umeme. Akasema, "Mama, hili unalichaji nyumbani kama simu, ukiamka unaondoka. Halijui sheli, halijui oili wala plagi. Gharama yake ni kama hakuna." Nikamtazama. Ni kijana mzuri, ana adabu, lakini ana ule ugonjwa wa vijana wa kuamini kwamba kuna kitu duniani kinachotembea bila mtu kulipa. Nikamwambia gari lisilokunywa mafuta mimi nilishawahi kuwa nalo, tena wakati huo yeye alikuwa bado anafuta kamasi kwa mkono wa shati. Akacheka sana. Binti yangu, ambaye ndiye mkewe, hakucheka. Aliinuka taratibu akaenda jikoni.

Kwa kuwa alicheka, nimeamua kusimulia. Sikuhadithiwa na mtu, wala sikuota. Yalinikuta mimi mwenyewe hapa hapa Mwanza, na waliokuwa wakikaa Mabatini miaka ile wanalikumbuka gari letu, ingawa mambo yake ya ndani hawakuyajua. Ukitaka amini, usipotaka acha. Mimi nitaongea.

Ilikuwa ile miaka ya ruksa, biashara zilipofunguliwa. Madukani vitu vilijaa mpaka barazani, lakini viwandani watu walikuwa wanarudishwa nyumbani. Mume wangu alikuwa kiwanda cha nguo, naye akapunguzwa. Wakampa kiinua mgongo na kumshika mkono. Wenzake wengine walifungua baa wakawa wateja wa kwanza wa baa zao, wengine wakaoa mke wa pili. Baba Kabula akaniuliza mimi tufanye nini. Hilo nitamsifu hadi kaburini, kwamba aliniuliza. Wakati huo nilikuwa nauza dagaa kule Mwaloni, Kirumba, na nilikuwa nimechoka kuwatajirisha wenye magari. Nikamwambia tununue gari.

Tukanunua pikapu ya mkononi, nyeupe, iliyotoka Japani ikakaa Dar kwa mtu, kisha ikaja kwetu ikiwa na mlango mmoja wa buluu. Mume wangu alijifunza kuendesha, lakini aliendesha kama mtu aliyepakia mayai. Mimi nikajifunza kwa dereva mmoja wa pale sokoni, na baada ya muda mfupi ikawa wazi nani ni dereva wa nyumba ile. Wanaume walisimama barabarani kunitazama. Wengine walisema nitapindua gari kabla ya Krismasi. Krismasi ikapita, nikawapelekea pilau.

Sasa sikiliza, watu hudhani ukishanunua gari umemaliza. Kununua gari ni mahari tu, ndoa yenyewe huja baadaye. Lile gari lilikuwa linakunywa petroli mithili ya mlevi wa mwisho wa mwezi. Tairi zilikuwa na viraka juu ya viraka. Betri tuliipeleka kwa fundi wa kuchaji, inarudi ina nguvu ya kuwasha taa na kukohoa mara moja, basi. Kila alfajiri ilibidi majirani waamshwe kusukuma, na kwa kuwa Mabatini ni vilima na mawe, usukumaji wenyewe ulikuwa kazi ya kanisa zima. Bado hujanunua springi, hujalipa bima, hujampa chai trafiki aliyekusimamisha ili akuulize tu habari za nyumbani. Nilikuwa napeleka dagaa mnadani Magu, narudi na mpunga na kuku, na jioni tukikaa kuhesabu, gari lilikuwa limekula kabla ya sisi kunawa mikono. Mume wangu alianza kunyamaza wakati wa chakula. Nami nilijua ananyamazia nini, kwa sababu wazo la gari lilikuwa langu.

Siku yenyewe nilikuwa natoka Magu peke yangu. Jua lilikuwa linazama, mvua ilikuwa imekwisha muda si mrefu, na ule udongo mweusi wa mbugani ulikuwa umegeuka uji. Mshale wa mafuta ulikuwa umelala chini kabisa. Nilikuwa naendesha huku nasali. Mtu mwenye akili hasimami katika hali hiyo, maana akizima gari hana hakika ya kuliwasha tena. Lakini kabla ya kufika Kisesa nikamwona mwanamke amekaa kwenye jiwe kando ya barabara, ana umri kama wangu, amejifunga kitenge, hana mzigo. Akanyoosha mkono. Ningempitaje? Mwanamke mwenzangu, giza linaingia. Nikasimama bila kuzima injini.

Akaingia, akakaa mbele. Akanisalimia Kisukuma, "Mwadila." Nikamjibu, "Mwadila." Mimi ni Mkerewe, niliolewa Usukumani, lakini salamu siwezi kukosa. Nikatazama chini kuona kama atanichafulia gari kwa tope. Miguu yake ilikuwa mitupu na haikuwa na tope hata kidogo. Nyayo zilikuwa laini, kama za mtoto ambaye bado anabebwa mgongoni. Niliona, nikasema moyoni labda aliletwa na baiskeli. Unajua mtu akitaka kutokuogopa hakosi sababu.

Tulipokwenda kidogo akauliza, "Gari hili linakula nini?"

Nikacheka. "Petroli, dada yangu. Linakula kuliko watoto."

"Likipata mtu wa kulilipia njia, utakubali?"

"Nani akatae? Hata sasa hivi sina uhakika kama tutafika."

"Basi mimi sina nauli, nitakuachia hilo," akasema. "Unaitwa nani?"

Na mimi nikajibu kama ambavyo ungejibu wewe, kama ambavyo kila mwanamke aliyezaa hapa kwetu angejibu. Nikasema, "Mama Kabula."

"Kabula," akarudia. Ile "mama" aliiacha, kama mtu anavyomenya ndizi na kutupa ganda. Akanigusa bega nisimame. Hapakuwa na nyumba pale wala njia ya kwenda popote. Akashuka, akazunguka upande wa tangi, akaweka kiganja juu ya kifuniko chake, kisha akaenda kukaa kando ya barabara kama mtu aliyefika kwake. Nikamwambia kwaheri. Nikaondoa gari.

Nilifika Mabatini na mshale umelala pale pale. Kesho yake gari likawaka kwa mguso mmoja, majirani waliokuwa wamekuja kusukuma wakabaki wameshika viuno. Tukaenda Mwaloni, tukaenda Magu, tukarudi. Mshale haukusogea. Tukadhani umekufa. Baba Kabula akachukua kijiti kirefu akakitumbukiza kwenye tangi kupima, kikatoka kikavu kabisa, hakina hata harufu. Tukatazamana. Akasema, "Mama Kabula, Mungu amesikia."

Tungesema nini kingine? Sisi ni watu wa kanisani. Nilimsimulia habari za yule mwanamke, naye akasema hata malaika huwa hawana nauli. Jumapili tukapeleka sadaka ya shukrani, jogoo na debe la mpunga, na Kabula akaimba na watoto wenzake. Hatukumweleza mtu. Mjini kwetu ukisema gari lako linatembea bila mafuta, watu hawakupongezi, wanaanza kuhesabu vifo vya mtaani. Mara moja moja tulipitia sheli tukanunua kidogo ili tuonekane. Kidogo hicho tulikimimina kwenye dumu nyumbani.

Na mambo yakanyooka, sitakudanganya. Tuliezeka upya. Tukalipa madeni ya mtaji. Baba Kabula akarudi kuongea wakati wa kula, akaanza hata utani wake wa zamani. Nilimnunulia Kabula sare mpya na viatu vyeusi vya ngozi, akavitazama siku nzima bila kuvivaa. Alikuwa darasa la tatu. Jina lake alipewa na bibi yake mzaa baba, kwa sababu alizaliwa mvua inanyesha kubwa. Alikuwa mtoto wa kamba na rede, hakai chini, ukimtuma dukani anakwenda kwa kuruka na mguu mmoja.

Viatu vile vilikwisha soli kabla ya muhula kwisha. Nikanunua vingine, navyo vikaisha. Nikamwita nikamuuliza viatu anavipeleka wapi. Akasema, "Sijui, mama." Nikamwambia atoke mbele yangu, nimlipie ada na bado nimlipie na uongo? Akavua, akavipanga ukutani vizuri, akatoka. Mtoto aliniambia ukweli wote aliokuwa nao, nami nikamfukuza.

Kisha mwalimu wake akaniita. Kabula analala darasani. Si kusinzia, analala kabisa, anaamshwa haamki, akiamka anaomba maji. Nyumbani nikaona miguu imepasuka visigino kama ya mkulima. Nikaona kitu kingine kilichonikata maini. Kati ya vidole vyake kulikuwa na udongo mweusi. Mabatini ni mawe na kokoto, udongo ule haupo. Udongo ule ni wa mbugani, wa njia ya Magu. Jirani yangu Mama Neema akaninong'oneza kwamba kuna watu wanamchukua mtoto usiku kwenda kumlimisha mashamba yao. Nikaanza kulala naye kitanda kimoja, mkono wangu umezunguka kiuno chake. Usiku alilala salama. Akawa anazidi kukonda mchana.

Utaniuliza, je, hukuona? Ningeonaje? Dereva nilikuwa mimi. Kila gari lilipokuwa linatembea mimi nilikuwa ndani yake, na mwanangu alikuwa mahali ambapo siwezi kumwona. Nikirudi nyumbani gari limezimwa, naye ameamka anakuja kunipokea mzigo. Alikuwa anakuja taratibu, nikidhani amekua, ameacha utoto.

Jumamosi moja nikashikwa na malaria. Baba Kabula akasema atapeleka mzigo Mwaloni mwenyewe, hata kama ni kwa mwendo wa mayai. Nilikaa uani na Kabula, nimemwekea beseni la maji ya uvuguvugu na chumvi, namsugua visigino. Alikuwa ananieleza mchezo fulani wa shuleni. Nikasikia gari linawaka nje.

Kabula akakatiza maneno. Macho yakamlegea, kichwa kikaegemea ukuta. Na miguu yake, ikiwa ndani ya mikono yangu, ikaanza kutembea.

Naomba unielewe vizuri. Haikuwa inatetemeka kama ya mgonjwa wa degedege. Ilikuwa inatembea, mmoja mbele mwingine nyuma, kwa mpango, kama mtu anayejua aendako. Nilisikia gari linashuka kuelekea barabara kubwa, na nyayo zikakaza kama mtu anayeshuka mteremko wa mawe. Gari likapata lami, nyayo zikanyooka. Nikazishika kwa nguvu zangu zote nikiita jina lake. Zilinishinda. Maji ya beseni yakaanza kuwa na rangi ya vumbi, wakati miguu ile nilikuwa nimekwisha kuisugua. Mahali fulani, nadhani pale karibu na uwanja wa mpira Kirumba ambapo barabara ilikuwa imechimbika, ngozi ya chini ya kidole gumba ikafunguka mbele ya macho yangu na damu ikatoka. Kabula akasema usingizini, "Mama, bado mbali?"

Nikamjibu, "Bado kidogo, mwanangu." Ningemjibu nini?

Nilikaa pale nimeshika miguu hiyo mpaka iliposimama, ikapumzika, ikarudi njia yote ile. Baba Kabula alipoingia uani akanikuta nalia kwa sauti. Nilimweleza. Hakubisha. Alikwenda akatoa funguo mfukoni, akaziweka mezani, akakaa nazo mbali kama mtu aliyeona nyoka. Halafu akasema kwa sauti ndogo, "Tulitoa shukrani kanisani, Mama Kabula."

Kesho yake, homa yangu nikiwa nayo, nilipanda basi mpaka Kisesa, kutoka hapo nikaenda kwa miguu. Jua lilikuwa linazama tena. Nilimkuta juu ya jiwe lile lile, na kitenge kile kile. Siogopi kusema kwamba nilikuwa nimebeba panga ndani ya khanga. Nilipomwona nikajua panga halina kazi hapa.

"Mwadila," akasema.

"Mwachie mwanangu," nikamwambia.

"Nilikuuliza unaitwa nani. Sikukulazimisha."

"Lile ni jina la mwanangu. Sisi wote tunaitwa hivyo. Ukizaa, jina lako linawekwa kabatini."

Akanitazama kama anayemhurumia mtu mjinga. "Mimi naandika ninachoambiwa. Njia lazima iwe na mtu wa kuitembea. Hakuna njia inayojitembea."

"Basi andika langu."

"Lako nani?"

Utashangaa, ilibidi nifikirie. Tangu mama yangu afariki hakuna aliyeniita kwa jina lile. Mume wangu ananiita Mama Kabula, sokoni Mama Kabula, kanisani Mama Kabula. Nililitafuta kwenye kichwa changu nikalikuta, nikalitamka. Hapa sitalitamka, utanisamehe, na sababu unaijua. Akalirudia mara moja. Nikamuuliza kuhusu njia ambazo mtoto ameshazitembea, kama anaweza kumrudishia. Akasema, "Iliyotembewa imetembewa." Akageuza uso.

Niliporudi tulijaribu. Baba Kabula aliliwasha gari akalisogeza mpaka kwenye kona na kurudi. Kabula alikuwa mlangoni anamenya chungwa, akaendelea kumenya. Mimi nilikuwa kitandani, na miguu yangu ikaenda mpaka kwenye kona ikarudi. Nilicheka, wallahi nilicheka kwa furaha. Nikamwambia mume wangu, mimi ni mtu mzima, nimelelewa kwa kulima na kuchota maji ziwani, acha tuendelee na biashara, nitalala mchana wewe uendeshe. Alinikatalia. Akaliinua gari kwa jeki, akaliweka juu ya mawe, akatoa tairi akaziingiza chini ya kitanda. Kama tungeliacha pale lioze, leo nisingekuwa na cha kukusimulia.

Lakini Kabula hakupona. Tulimpeleka hospitali. Daktari akapiga picha za mifupa, akazitazama kwenye mwanga, akatutazama na sisi. Akamtoa Baba Kabula nje akabaki na mimi. Akaniuliza, "Mama, mtoto huyu anafanya kazi gani?" Nikamwambia ni mwanafunzi. Akasema vifundo vya miguu hii ni vya mtu aliyetembea maisha yake yote. Aliniuliza tena, safari hii kwa ukali. Aliamini kwamba tulimfanyisha mtoto kazi za punda. Katika maisha yangu nimeitwa mengi, ila lile ndilo lililoingia mpaka kwenye mfupa, kwa sababu hakukosea.

Kabula akalazwa. Ikatakiwa kumpasua na kumnyoosha mifupa, na dawa, na kukaa wodini. Mimi nilikuwa nalala chini ya kitanda chake. Siku moja mchana nimekaa kwenye benchi nje ya wodi, nangoja uji upoe, miguu yangu ikaanza kwenda.

Nikajua pale pale kuwa Baba Kabula ameliuza gari.

Simlaumu. Alitaka pesa za kumtibu mwanawe, na alidhani kitu kikiuzwa na mambo yake yote huhama, kama mbuzi anavyohama na kamba yake. Alikuja jioni amefurahi, ameleta dawa zote na chungwa. Akanikuta nimelala kwenye sakafu, khanga nimeing'ata, nyayo zangu zinapanda kilima ambacho sijui ni cha wapi. Alipoelewa alikaa chini karibu yangu akashika miguu yangu, kama nilivyoshika ya Kabula. Yule mnunuzi alikuwa mtu wa Mara. Tulimfuata mpaka Musoma, akasema amekwisha kuliuza kwa mtu wa machimboni. Kule machimboni wakasema limeenda Kahama. Kahama hakuna aliyelijua. Kila mtu alilisifia. Wote walisema neno moja, gari zuri ajabu, halina gharama.

Baba Kabula alifariki akiwa bado anauliza kila mtu mwenye pikapu nyeupe. Kabula, huyo aliyeinuka akaenda jikoni, alipona kwa kadiri ya kupona kwake. Anatembea kwa fimbo, polepole, watu wakimwona kwa nyuma humwamkia shikamoo, akigeuka wanakuta ni mwanamke kijana, wanaomba radhi. Hajawahi kunilaumu hata siku moja. Ningependa anilaumu. Ningekuwa na cha kujibu, ningemwambia sikujua, na labda mimi mwenyewe ningelisikia neno hilo likisemwa kwa sauti na kuliamini.

Na mimi gari si langu tena, lakini gharama zake bado nazilipa. Kuna siku linapumzika, labda lipo gereji, siku hizo nafua, nakwenda sokoni, nafika hata Igogo kumwona Mama Neema. Kuna siku linaanza kabla ya alfajiri na haliachi mpaka taa zinawashwa. Nimekwisha kuzijua barabara zake kwa nyayo. Mchanga naujua, lami naijua, madaraja ya mbao nayajua. Mwenye nalo sasa hivi anapenda milima, sijui anabeba mbao au kahawa. Nahisi ni kijana, kwa sababu hapumziki njiani.

Ndiyo maana nasema na wewe. Mtu usiyemjua akikuuliza jina barabarani, mpe la kwako, lile ulilobatizwa. Mtoto wako usimtaje. Kitu chochote utakachoambiwa hakina gharama, kabla hujakipokea uliza nani anailipa, na usiondoke mpaka umeonyeshwa uso wake.

Na kama wewe ndiye uliyelinunua, pikapu kuukuu yenye mlango mmoja wa buluu, na umeona mshale hausogei ukamshukuru Mungu, sikuhukumu, nasi tulimshukuru. Sikuombi ulirudishe. Nakuomba tu, ukichoka nalo, usimuuzie mtu wa safari ndefu. Mimi nimezeeka.